Jeshi Lililorudi na Chakula Chake

Siku Ngwali alipotoka nyumbani na asirudi tena, mji mzima ulikuwa unacheza ngoma. Hilo si kosa la mji. Mbiu ilikuwa imepigwa tangu jana yake kwamba atakayeonekana hachezi atahesabiwa kuwa anamwombea adui. Adui mwenyewe, Mfalme wa Milimani, aliishi mbali kiasi kwamba watu wengi hawakuwa wamepata kusikia habari zake mpaka asubuhi ile, walipoarifiwa kuwa wanamchukia tangu enzi za mababu.

Nchi hiyo ina jina lake zuri, ila sheria yake inakataza lisitamkwe na mtu mwenye njaa. Na kwa kuwa hatujui msomaji amekula nini leo, tutaiita Dola tu, tubaki salama sote.

Mize hakucheza, lakini yeye alikuwa na ruhusa. Alikuwa mwokaji wa mkate wa vita, na mwokaji akicheza, tanuri huunguza. Mkate huo ulitiwa motoni mara mbili, mara ya kwanza uive, mara ya pili ukauke, hata ukiugonga mezani ulilia kama kigae. Ukiwekwa pakavu ungeweza kukaa mpaka aliyeuoka awe bibi wa watu. Chini ya kila mkate, kabla haujaingia tanurini, Mize alibonyeza vidole vyake vitatu. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake pia. Hakuna aliyejua sababu, isipokuwa kwamba mkate usiobonyezwa ulionekana kama mgeni aliyeondoka bila kuagwa.

Ngwali alikuja tanurini na punda wake wakimfuata nyuma. Kazi yake ilikuwa kuendesha punda, naye alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alisema punda hawapendi makelele, na adabu amejifunza kwao.

"Mke wangu, nipe mkate mmoja wa njiani."

"Wa njiani si umo kwenye magunia? Nimeuoka mimi, mgongo wangu ndio shahidi."

"Magunia yana lakiri, muhuri wa wakubwa. Nataka usio na lakiri."

"Mwizi wewe."

"Mwizi ni yule anayechukua bila kuomba. Mimi nimeomba, tena kwa adabu, mbele ya punda."

Mize akampa mmoja, wa moto, akampiga kofi mkononi kwa hasira ya mzaha. Ngwali aliutumbukiza kifuani, akaruka kwa joto lake, na punda nao wakaruka. Hivyo ndivyo Mize alivyomwona mara ya mwisho: anaruka.

Kule uwanjani, mbele ya Lango Kuu, Mheshimiwa Mwinchande, Mgavi Mkuu wa Masurufu, alikuwa amepanda jukwaani kueleza jinsi jeshi litakavyolishwa. Hapo nyuma jemadari alikuwa amemnong'oneza jambo la kusikitisha, kwamba punda anayebeba chakula naye hula. Mheshimiwa alijifungia akalitafakari, akatoka na jawabu: kila punda abebaye chakula cha askari afuatwe na punda abebaye chakula cha punda. Alipoulizwa huyo wa pili atakula nini, alisema hilo ni swali la mtu asiyeipenda nchi yake. Hata hivyo akaongeza punda wa tatu. Ndiyo maana siku ile msafara ulikuwa mrefu ajabu, na punda wa mbele walikuwa wamekwisha anza kula majani waliyobebewa kabla wale wa nyuma hawajatoka zizini.

"Majeshi ya kale yalishindwa kwa sababu moja tu," Mheshimiwa alinguruma. "Yalikula! Askari akiona gunia wazi, anakula. Na akila, chakula kinapungua! Safari hii kila gunia limepigwa lakiri yangu. Chochote chenye lakiri yangu ni changu, mpaka nikifungue kwa mkono wangu mwenyewe. Atakayeivunja amemvunja Mtukufu Mwenye Dola!"

Watu walipiga makofi. Maneno hayo yalipendwa sana, hata yakaamriwa yafundishwe watoto chuoni, wayaimbe kila asubuhi.

Kijana mmoja wa sokoni, Faki, rafiki wa Ngwali, alipaza sauti. "Mheshimiwa, nawe utakwenda vitani?"

"Mimi? Akili ya jeshi haiendi vitani. Hubaki nyumbani, ipumzike."

"Basi huko magunia yatafunguliwa na nani?"

Faki alipandishwa cheo palepale, akawa mpagazi wa jeshi.

*

Miezi ya mwanzo vita vilikwenda vizuri mno. Tunajua hivyo kwa sababu mpiga mbiu alisema.

Jeshi kubwa haliwezi kubeba kila linachokula, kwa hiyo ilitungwa sheria ya Makaribisho ya Hiari. Kila kijiji kilicho njiani kilitakiwa kutoa nafaka, mbuzi, kuni na majani ya punda kwa moyo mkunjufu, na kijiji kilichochelewa kuukunjua moyo kiliezuliwa mapaa. Jeshi likala kijiji baada ya kijiji, likaacha nyuma yake barabara pana, safi, isiyo na hata kuku.

"Hakuna mbwa anayebweka kutoka hapa hadi milimani!" alitangaza mpiga mbiu. "Huo ndio utulivu wa Dola!"

Mize aliendelea kuoka. Kila alasiri magari ya ng'ombe ya Mgavi Mkuu yalikuja kuchukua mkate wa kuongezea jeshi. Siku moja alisimama mlangoni akayatazama, akaona yanatoka kwa lango la mashariki, ilhali vita viko magharibi.

"Kaka," alimwuliza mwenye gari, "huko si kunakwenda kwenye mto, kwa wenye mashua?"

"Vita vina mlango wa uani, dada. Wewe oka."

Mize akaoka. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mambo ya vita hakuyajua. Kila alipobonyeza vidole alifikiri kwamba huenda mkate huu ndio utakaomwangukia Ngwali mkononi. Na kweli, mmoja ulimwangukia.

Kisha mbiu ikalia siku isiyo ya mbiu. Jeshi limeshinda! Jeshi linarudi! Tena linarudi na jambo lisilopata kuonekana duniani: linarudi na chakula chake chote! Na katika habari ndogo ndogo, Ngwali mwendesha punda, mwizi wa posho, alivunja lakiri ya Dola na kugeuza chakula safi kuwa pumba, naye amekwisha adhibiwa na hayupo. Matanga ya mwizi ni marufuku. Mkewe asivae nguo za msiba. Akitaka kulia anaruhusiwa, mradi sauti isivuke ukuta.

Mpiga mbiu aliyasema yote hayo kwa pumzi moja, kisha akanunua mkate.

*

Faki alitangulia jeshi, ametumwa awaambie watu wa mjini watayarishe ngoma. Kabla ya kuwafikia wenye ngoma alipita tanurini. Mize hakumtambua mpaka aliposema "shemeji", maana alikuwa amebaki macho na masikio. Akamkalisha, akampa bakuli la uji.

"Kula kwanza."

"Nikila nitalia, shemeji. Nikilia sitasema."

"Basi sema."

Faki akalishika bakuli kwa mikono miwili, akasema.

Vijiji viliisha walipofika chini ya milima. Hapo wakayageukia magunia, na magunia yalikuwa na lakiri. Jemadari akatuma mjumbe mjini kuomba yafunguliwe. Mjumbe akarudi na jibu kwamba Mheshimiwa analifikiria. Wakamla punda wa tatu, kisha wa pili, kisha wa kwanza, wakachukua magunia migongoni mwao wenyewe. Wakachemsha ngozi za shogi zilizokuwa zikibeba mizigo mgongoni mwa punda. Usiku walilaza vichwa juu ya magunia yale, wakaota wanakula.

"Halafu tukakutana na adui," Faki alisema. "Wana mashavu, shemeji! Tulisahau vita, tukabaki tunashangaa mashavu. Hata hawakutupiga. Walituangalia, wakacheka, wakaanza kuturushia mikate, kama unavyorushia kuku."

"Mikate gani?"

"Ngwali aliokota mmoja. Akaunusa. Akaugeuza chini, akaweka vidole vyake mahali penye vidole vyako. Akaniambia, 'Faki, huyu ni mke wangu.'"

Mize alikuwa akikwangua unga uliokaukia kwenye meza. Akaendelea kukwangua.

"Hakuula. Aliuvunja katikati, nusu akanipa niifiche, nusu akaishika iwe ushahidi. Akaenda kwa Jemadari mchana kweupe, mbele ya watu wote, akasema, 'Mkubwa, adui anakula mkate wa mke wangu. Naomba ruhusa nione sisi tumebeba nini.' Jemadari akageuza uso, akajifanya anatazama mawingu. Ngwali akaomba tena. Jemadari anatazama mawingu tu. Ndipo alipotoa kisu akachana gunia."

"Ndani?"

"Pumba na mchanga, shemeji. Tulipanda milima na mchanga mgongoni, kana kwamba milimani hakuna."

Jemadari alijua, lakini kujua ni jambo moja na kumwambia Mgavi Mkuu ni jambo jingine. Ikabidi aliyechana ndiye awe amekigeuza chakula. Hukumu yake ilikuwa kukatiwa posho. Askari walicheka, na Ngwali mwenyewe alicheka, kwa kuwa posho yenyewe haikuwapo. Kumbe maana yake ilikuwa kwamba yeyote atakayemgawia chochote, hata mzizi, hata funda la supu ya ngozi, atakatiwa vilevile. Na walirudi kwa njia ileile waliyokwendea. Njia yenyewe walikuwa wamekwisha kuila.

"Alianguka kwenye kijito cha mwisho, kabla ya tambarare. Nilimfunika kwa mawe, nikaweka na alama. Alisema, 'Mwambie Mize niliomba kwanza.' Akasema utaelewa."

Mize alielewa. Faki alitoa kifuani nusu ya mkate iliyofungwa kitambaani, akaiweka mezani. Ilikuwa na alama ya kidole kimoja na nusu ya kingine. Haikuwa na ukungu wala funza. Ulikuwa mkate mzuri.

"Wewe nawe hukuula," Mize alisema.

"Ningeulaje?"

Akaifunga tena ile nusu kitambaani. Kisha akauliza swali ambalo Faki hakulitazamia.

"Na magunia?"

"Yanarudi yote. Jemadari ameogopa kuyatupa, yana lakiri. Hata lile lililochanwa limeshonwa."

"Yamejaa?"

"Yamejaa, shemeji."

"Kula uji wako," Mize alisema. "Unapoa."

*

Mheshimiwa Mwinchande alimpokea Mize barazani, mguu mmoja ameuweka juu ya mto wa hariri. Mguu huo ulikuwa umechoshwa na vita.

"Aa, Bi Mwokaji! Mkate wako unasifiwa, unajua? Mpaka mbali huko!"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Haya, shida gani?"

"Naomba ruhusa ya matanga ya mume wangu."

"Mume wako mwizi. Mwizi hafi, mama. Mwizi hupungua tu katika hesabu. Sasa nikikupa matanga, kesho kila mwizi atataka kufa, na Dola itabaki na nani?" Alicheka, na waliokuwapo wakamsaidia kucheka. "Tena nakuonea huruma. Umeolewa na mwendesha punda, ukaishia kupata punda mwenyewe. Nenda kaoke."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilitaka pia kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya yale wanayosema sokoni. Eti Jemadari ndiye atakayeingia mjini mbele ya jeshi, kwa hiyo sifa ya magunia kurudi yamejaa itakuwa yake."

Mgavi Mkuu alisimama ghafla, mto ukaanguka.

"Yake? Magunia ni yangu!"

"Nami nimewaambia hivyo hivyo."

"Jeshi gani tangu dunia iumbwe lilipata kurudi na chakula chake? Huo ni ushindi wa ugavi! Ni ushindi wangu!"

"Lakini wanasema utakuwa umekaa hapa kwako, na huko langoni—"

"Sitakaa! Nitatoka kwa lango la nyuma, niwalaki bondeni, nirudi nao kwa Lango Kuu, nimekaa juu ya magunia yangu, kila mtu anione!"

Mize aliinama kwa heshima.

"Juu ya magunia, Mheshimiwa, itapendeza sana."

*

Lango Kuu lilikuwa na bawabu aitwaye Silima. Alirithi kwa baba yake ufunguo, kigoda, na desturi moja ya zamani: jeshi litokalo vitani haliingii mjini na posho yake, kwa maana posho ya vita ikilala ndani ya kuta huzaa njaa. Kila anayerudi huulizwa langoni, "Posho yako?" Naye hufungua mikono, hujibu, "Imekwisha," hupita.

Kwa kuwa majeshi ya Dola yalirudi na njaa siku zote, desturi ilikuwa imebaki maneno matupu. Watoto waliicheza barabarani. Hakuna aliyepata kumwuliza Silima inakuwaje posho ikiwa haijaisha, na hilo ndilo lililokuwa huzuni ya maisha yake, sababu jibu alikuwa nalo.

Mize alimkuta akipaka ufunguo mafuta.

"Baba Silima, na mtu akirudi na posho haijaisha?"

Silima alisimama, akakaza kikoi chake.

"Mwanangu, hebu rudia swali hilo. Polepole."

Akalirudia.

"Anakaa nje anaimaliza!" Silima alisema, na macho yake yakawa maji. "Hata awe nani! Babu yake Mtukufu huyu huyu alikaa nje kwa tende alizozisahau mfukoni, na zilikuwa na wadudu. Alipomaliza kuzila akaapa kwamba sheria hii haitafutwa kamwe, ili na wengine wapate tabu aliyoipata yeye. Ndivyo sheria nyingi za Dola zilivyodumu."

"Na posho ya mtu ni ipi?"

"Ile iliyo yake. Mtu huila ya kwake, si ya jirani."

"Ahsante, baba."

"Nani amebakiza, mwanangu?" Silima alimpigia kelele Mize alipokuwa akiondoka. "Niambie kuna mtu amebakiza!"

*

Jeshi liliingia mchana, au tuseme kile kilichobaki cha jeshi. Watu walipiga ngoma kwa nguvu zaidi pale walipoona safu imekuwa fupi, ili masikio yasaidiane na macho. Punda hawakuwapo. Hakuna aliyeuliza. Askari walitua magunia mbele ya lango, yakawa kilima, na juu ya kilima hicho alikaa Mheshimiwa Mwinchande akiwapungia watu mkono.

Mtukufu Mwenye Dola alikuwa juu ya lango, katika roshani iliyopakwa dhahabu mwaka ule ule. Watu walikuwa na adabu, hawakuuliza dhahabu ya mwaka wa vita imetoka wapi.

Silima alivaa kanzu ya baba yake. "Posho yako?" alimwuliza askari wa kwanza. Askari akafungua mikono iliyobaki mifupa. "Imekwisha." Akapita. Wakapita mmoja mmoja, imekwisha, imekwisha, imekwisha. Jemadari naye alifungua mikono, akapita akiwa anatazama mawingu. Wakubwa huingia mwisho, ndiyo heshima yao, kwa hiyo Mgavi Mkuu alibaki peke yake.

"Posho yako?"

"Ipo!" Mwinchande alijibu kwa sauti ya kufika hadi sokoni. "Ipo yote! Haikuguswa!"

"Ipo?" Silima alitetemeka kwa furaha. "Umesema ipo, Mheshimiwa?"

"Huioni? Nimeikalia!"

Silima akaondoa ufunguo langoni, akauvaa shingoni.

"Basi karibu nje, Mheshimiwa. Ukiimaliza utapita."

Mwinchande alicheka, akatazama watu nao wacheke. Siku hiyo hawakumsaidia. Akaambiwa sheria. Akasema hana habari nayo. Akaambiwa habari ya tende za babu yake Mtukufu. Hapo akashuka chini ya kilima chake, uso umebadilika.

"Hii ni posho ya jeshi! Si yangu!"

Mize alikuwa amesimama mbele, mikono ina unga. Hakupaza sauti.

"Mheshimiwa alisema hapa hapa uwanjani. Chochote chenye lakiri yangu..."

"...ni changu," watoto wa chuo walidakia wote kwa pamoja, kwa sababu walikuwa wakichapwa wasipoyajua, "mpaka nikifungue kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Mtukufu!" Mwinchande alilia kuelekea roshanini. "Niokoe mimi mtumwa wako!"

Mtukufu aliinama. Alimtazama Mgavi wake jinsi mtu anavyoitazama ndizi iliyooza katika mkungu, anavyopima kama itaambukiza zingine.

"Mgavi, chakula kilichomo ni safi?"

Watu wakasogea karibu wasikie. Mgavi akisema si safi, amejihukumu. Akisema ni safi, imempasa ale.

"Ni safi, Mtukufu," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi kuna shida gani? Kula. Sisi wenyewe tunangojewa mezani."

Mwinchande alivunja lakiri yake kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyoahidi. Pumba zikamwagika, na mchanga nyuma yake, zikamfunika viatu.

Mize akaokota konzi moja, akaiinua juu watu waione.

"Lile gunia moja walisema aliligeuza Ngwali," alisema. "Na hili ambalo halikuguswa, limegeuzwa na nani?"

Kila mtu alisikika akifikiri. Mtukufu, ambaye aliogopa kufikiri kwa watu kuliko majeshi ya milimani, aliitoa hukumu upesi upesi akiwa amekwisha geuka. Ngwali si mwizi. Matanga ruhusa. Nguo za msiba ruhusa. Kulia ruhusa, hata sauti ikivuka ukuta. Jambo hili limekwisha, na atakayelizungumza tena atapandishwa cheo.

Mize alileta bakuli, kijiko na mtungi wa maji, akavipanga chini mbele ya Mgavi Mkuu kama mwenyeji mwema anavyompangia mgeni. Akajaza bakuli mpaka juu.

"Karibu chakula, Mheshimiwa. Usile haraka. Utapaliwa."

*

Matanga yalikaliwa tanurini, kwa sababu nyumba haikutosha watu. Askari walikuja, wake wa wale wasiorudi wakaja, na kwa kuwa kilio kilikuwa na ruhusa kilivuka ukuta, kikamfikia aliyekuwa nje akitafuna. Nusu ya mkate Mize aliitia kaburini alipofuatana na Faki hadi kwenye kijito, wakamzika Ngwali upya, mazishi ya mtu.

Mheshimiwa Mwinchande alituma mtu kwa Mfalme wa Milimani kuomba hifadhi. Alijibiwa kwamba huko wanampenda sana, ila hawamjui asipokuwa na mikate. Mwanzoni jamaa zake walimletea pilau. Sheria haikatazi. Lakini Silima, kwa moyo mzuri, alimwuliza kila aliyekuja kama angependa kukaa naye nje mpaka magunia yaishe, na kwa sababu hiyo wakaacha kuja. Majina waliyokuwa wakimwita zamani, mkwe, mjomba, bwana mkubwa, hayasikiki tena upande ule wa mji.

Amekonda. Mashavu yamekwisha, na mguu ule uliochoshwa na vita umepona kabisa. Hula pumba asubuhi na jioni, mchanga huuloweka kwanza. Mtu hawezi kuishi kwa chakula hicho peke yake, kwa hiyo kila siku Mize humpelekea mkate mmoja, umeokwa mara mbili, umebonyezwa vidole vitatu chini, asije akafa kabla hajamaliza.

"Bi Mwokaji," alimwambia majuzi, "nimekula sana. Hebu mwambie Silima."

"Nimeona, Mheshimiwa. Endelea hivyo hivyo."

Sasa mvua za masika zimeanza. Jana Mize alichukua ngazi, akaezeka makuti mapya juu ya magunia yaliyobaki, yasilowe.